Kwenda Mtwara kwa Ndege, Kaa Kulia

Mtu wa Mkomaindo, Masasi, anayerudi nyumbani kwa ndege ya Dar es Salaam hadi Mtwara hushauriwa akae kushoto ili aone bahari. Ushauri huo una mantiki yake: ukielekea kusini, mashariki iko mkono wa kushoto, na bahari iko mashariki. Lakini ukifungua ramani unaona mambo mengine kabisa.

Mtwara haiko kusini tu mwa Dar es Salaam. Imesogea pia mashariki kwa zaidi ya kilomita 100. Pwani iliyo katikati nayo haikunyooka. Ikishapita Rufiji inateremka kusini hadi Kilwa na Lindi, ndipo inapojitokeza baharini kuelekea Mtwara na Msimbati. Chukua rula uunganishe viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili: mstari utakaoupata, kilomita 400 hivi, unapita juu ya maji sehemu kubwa ya safari. Ndege ikiufuata, Songo Songo inabaki kulia, Kilwa Kisiwani kulia, umbali wa kilomita kama 30, na Lindi kulia vilevile. Aliyekaa kushoto akishaipita Mafia hana cha kutazama ila maji, mpaka karibu na kutua.

Na maji matupu huchosha macho upesi. Uzuri wa kutazama kutoka juu uko pale maji yanapokutana na nchi kavu, na hapa nchini sioni mahali panapozidi delta ya Rufiji. Mto unagawanyika matawi, matawi yanazaa vijito, vyote vikipindapinda ndani ya msitu wa mikoko, mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, huku maji ya udongo yakimwagika baharini na kuchora mpaka wa rangi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo. Waingereza waliokuwa baharini hawakuweza kuiona nyuma ya mikoko, hivyo wakaleta ndege na kutengeneza uwanja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 mizinga yao, ikielekezwa na watu waliokuwa angani, iliimaliza. Ukiitazama delta kutoka juu unaelewa mara moja kwa nini meli peke yake zilishindwa kazi hiyo.

Safari ya asubuhi inaupa upande wa kulia faida nyingine: jua liko mashariki, nyuma ya mgongo wako, linaimulika pwani bila kukupiga machoni. Alasiri linahamia upande wa nchi kavu, na miezi ya kiangazi, watu wanapochoma mashamba, moshi huififisha pwani. Hata hivyo ningebaki kulia, kwa sababu jua lililoinama huvifanya vijito vya Rufiji ving'ae kimoja kimoja.

Safu nayo ina maana. Kwenye Bombardier ya pangaboi mabawa yako juu ya madirisha, hayafuniki chini. Kinachoziba ni injini, kwa walio katikati. Kwenye Airbus bawa liko chini ya dirisha, na aliyeketi juu yake ataona bati jeupe safari nzima, kwa hiyo aende mbele au nyuma kabisa. Herufi A ni dirisha la kushoto. La kulia hubeba herufi ya mwisho ya safu. Mawingu ya mvua yakitanda, au rubani akielekezwa njia nyingine, hesabu hizi zote hubadilika, na hilo hakuna kiti kinachoweza kulizuia.

Kurudi Dar es Salaam, bila shaka, ni kinyume chake: kushoto.

Uwanda wa juu wa Makonde wenyewe hutauona vizuri kutoka angani, maana Newala iko mbali mno magharibi mwa njia hiyo. Huo utazame barabarani. Basi la Mtwara kwenda Masasi likishaingia bonde la Lukuledi, ukingo wa uwanda unakuwa kushoto, na Ndanda imeegemea miguuni pake, kwa hiyo aliyekaa kulia kwenye ndege ahamie kushoto kwenye basi. Mwenye siku moja ya ziada apande hadi Newala, asimame Shimo la Mungu: bonde la Ruvuma lote liko chini yake, na ng'ambo ni Msumbiji.