Kutafuta Usafi Ndani ya Mbegu ya Mafuta

Mbarika ni mmea ambao wataalamu wa elimu ya mimea huihesabu Afrika ya Mashariki, hasa nchi ya Uhabeshi na jirani zake, kuwa ndiyo asili yake. Humea jaani, kandokando ya njia na nyuma ya nyumba pasipo kupandwa wala kupaliliwa, na kwa wepesi huo wa kupatikana aghalabu hudharauliwa na wale wauonao kila siku. Lakini ndani ya mbegu yake ya madoadoa, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la nyonyo, mna sifa ambayo viwanda vya dunia vimeitamani kwa zaidi ya miaka 100. Takriban nusu ya uzito wa mbegu hiyo ni mafuta, na katika kila sehemu 100 za mafuta hayo, sehemu zipatazo 85 hata 90 ni za asidi ya namna moja tu, iitwayo risinoleiki. Usafi wa kadiri hiyo ni nadra mno katika mafuta ya mimea. Kwa ajili ya asidi hiyo, nzito na yenye kustahimili joto, mafundi wa eropleni za Vita Kuu ya Kwanza waliyachagua mafuta ya mbarika kulainishia injini. Kwa ajili yake Charles Wakefield wa Uingereza aliyatia katika mafuta yake ya mashine aliyoyapa jina la Castrol mwaka 1909. Na kwa ajili yake viwanda vya Ufaransa hutengeneza hata leo nailoni ya namba 11, ambayo mabomba ya breki za malori na ya kupitishia petroli hufanywa kwayo.

Ili kuifahamu thamani ya usafi huo, yafaa tuyatazame mafuta yenyewe yalivyoumbwa. Mafuta ya mimea ni asidi tatu tatu zilizofungwa pamoja na gliseroli, na kila asidi ni mnyororo wa chembe za kaboni mithili ya tasbihi, ambayo tafauti yake na nyingine ni idadi ya shanga zake na namna zilivyounganishwa. Lauriki, iliyo nyingi katika nazi, ina shanga 12. Oleiki, inayotawala katika mafuta ya zeituni, ina shanga 18, na mahali pamoja kati ya shanga mbili pana kiungo maradufu. Linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti ya kawaida, ina shanga 18 vile vile, ila viungo maradufu vyake ni viwili. Kiungo kimoja cha ziada chaweza kudhaniwa kuwa ni jambo hafifu, lakini kwa sababu yake oksijeni ya hewani huishambulia linoleiki kwa kasi iliyo mara kumi au zaidi ya ile ya oleiki, na matokeo yake ni uchachu wa mafuta katika chupa, na utomvu mzito wenye kunata katika mashine iendayo kwa moto mkali.

Mpishi hadhuriki kwa mchanganyiko wa asidi nne au tano katika chungu chake. Mwenye kiwanda hali yake ni nyingine, kwa kuwa yeye huhitaji asidi moja ili aibadili kuwa plastiki, rangi, sabuni au kilainisho, na kila asidi iliyoandamana nayo humlazimu kuitenga kwa moto, kwa kemikali na kwa gharama, au kuivumilia iharibu kazi yake. Mafuta yachimbwayo ardhini yameyashinda ya mimea katika viwanda kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hii, kwamba ufundi wa kuyachambua ulikwisha kukamilika na bei yake ikawa nafuu. Kama mmea ungeweza kuifanya kazi ya kuchambua ndani ya mbegu yake, kwa nguvu ya jua na mvua, sehemu kubwa ya gharama hiyo ingeondoka kabla mavuno hayajafika kinuni.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa mbarika umekwisha kuifanya kazi hiyo kwa tabia yake, kwa nini usipandwe kila mahali. Jawabu lake ni kwamba mbegu yake hubeba pia risini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zijulikanazo katika viumbe vyenye uhai. Ndiyo inayoaminika kumuua mwandishi wa Kibulgaria Georgi Markov mjini London mwaka 1978. Mafuta yakikamuliwa na kupikwa sawasawa sumu haimo, hubaki katika mashudu. Lakini vumbi la mbegu huwadhuru baadhi ya wafanyakazi wa vinu, na vishada vya mbarika haviivi kwa wakati mmoja, jambo liwachoshalo wavunaji. Tanganyika iliwahi kuziuza mbegu hizi ng'ambo, lakini leo sehemu kubwa sana ya mbarika wa dunia hutoka India, na hasa jimbo la Gujarat, hata upungufu wa mvua katika jimbo hilo moja huwatia hofu wanunuzi wa mabara mengine.

Hapo ndipo wanasayansi walipowaza kuichukua siri ya mbarika na kuitia katika mmea usio na sumu. Mwaka 1995, Frank van de Loo, Chris Somerville na wenzao huko Marekani walitangaza kwamba wameipata jeni ya mbarika yenye kuamuru oleiki igeuzwe kuwa risinoleiki. Jeni hiyo ilitiwa katika Arabidopsis, jamaa mdogo wa haradali ambao maabara hupenda kuutumia kwa majaribio, na kila mtu aliyefuata habari hiyo alikuwa na haki ya kutumaini mengi, maana jeni ni moja, kazi yake ni moja, na mmea ulikubali kuipokea. Matokeo yake hayakuwa 90 katika 100, wala nusu ya hiyo. Yalikuwa kama 17. Watafiti wa maabara ya John Browse katika Chuo Kikuu cha Washington State wakaongeza jeni ya pili ya mbarika, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba kiasi kimekaribia 30. Kikakomea huko.

Sababu ya ukomo huo, kwa maoni yangu, ina mafunzo makubwa kuliko ushindi wowote ulioandikwa katika habari hii. Kimeng'enya, yaani protini itendayo kazi ya kikemia kwa amri ya jeni, kinachoiumba asidi hakiko peke yake kazini. Baada yake viko vingine vya kuiondoa asidi katika utando wa seli ilikoumbiwa, vingine vya kuipandisha juu ya gliseroli katika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na vingine vya kuyaweka mafuta akibani. Katika mbarika vimeng'enya hivyo vyote vimelelewa pamoja kwa dahari nyingi, vikaijua risinoleiki na kuipendelea. Katika mmea mwingine asidi hiyo ni geni: haipandishwi upesi, hurundikana katika utando ambao haukuumbwa kwa ajili yake, na seli, kwa kuilinda nafsi yake, huivunja asidi hiyo na kuipunguza hata kazi nzima ya kufanya mafuta. Mbegu zilizopewa jeni ya mbarika ziliishia kuwa na mafuta machache kuliko zile zisizoguswa.

Kadhalika ndivyo ilivyokuwa kwa lauriki, ambayo sisi watu wa pwani tuna nasaba nayo kwa sababu ya minazi. Sabuni yenye kutoa povu jingi huhitaji lauriki, na kwa miaka mingi viwanda havikuwa na mahali pa kuipata kwa wingi ila katika mbata na kiini cha chikichi, mazao ya nchi za joto. Kampuni ya Calgene, ya mji wa Davis katika California, iliona kwamba mti mmoja wa porini wa jimbo hilo, ambao ni jamaa wa mdalasini, hujaza lauriki katika mbegu zake, ikaichukua jeni ya kimeng'enya chenye kuukata mnyororo unapofika kaboni ya 12, na kuitia katika kanola, mmea ulimwao kwa mafuta ya mbegu zake. Mwaka 1995 kanola hiyo ilikuwa imekwisha kufika mashambani kwa biashara, ikiwa ni mmea wa mwanzo kuuzwa ambao mafuta yake yamebadilishwa kwa uhandisi wa jeni, na lauriki yake ilikuwa kama sehemu 40 katika 100. Nafasi ya kati ya gliseroli ilikataa kupokea asidi hiyo, mpaka watafiti walipokwenda kwenye nazi yenyewe, wakaichukua jeni ya kimeng'enya kiijazacho nafasi hiyo, na lauriki ikapanda. Lakini wakati huo huo uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kanola yenye lauriki nyingi mno ilikuwa ikiiumba kwa mkono mmoja na kuiunguza kwa mkono wa pili. Kanola ya lauriki haikuweza kushindana kwa bei na mnazi na mchikichi, na mashamba yake yakatoweka.

Ushindi ulikuja kwa njia iliyo kinyume cha kuongeza. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walieleza, kwa kuwachunguza minyoo wadogo, namna seli inavyoweza kuinyamazisha jeni yake, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Na mwaka huo huo wa 1998 Peter Waterhouse na wenzake wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, waliuonyesha uwezo huo katika mimea. Jeni hutuma nakala ya amri yake kwenye viwanda vya seli. Mtaalamu akiitia seli kipande cha jeni ambacho nakala yake hujikunja na kujifunga yenyewe kwa yenyewe, seli huiona nakala hiyo ya nyuzi mbili kuwa ni dalili ya virusi, huikatakata, kisha huzisaka na kuziharibu nakala zote zinazofanana nayo. Jeni hubaki mahali pake, lakini amri yake haifiki.

Watafiti wa CSIRO waliutumia ufundi huo katika kartamu, mmea wenye miiba wa jamii ya alizeti, ambao maua yake ya manjano na mekundu yametumika tangu kale kutia rangi nguo na chakula. Kartamu ya kawaida ina linoleiki kama sehemu 75 katika 100. Walizinyamazisha jeni mbili, moja ya kimeng'enya kinachoongeza kiungo maradufu cha pili, na moja ya kimeng'enya kinachozitoa asidi zisizo na kiungo maradufu chochote, na wakahakikisha kwamba unyamavu huo uko ndani ya mbegu tu, kwa kuwa majani na mizizi huihitaji linoleiki ili tando zake zisikakamae wakati wa baridi. Oleiki ilipanda ikapita 90 katika 100, hata kufikia 93. Mmea haukulazimishwa kuumba kitu kigeni. Oleiki ilikuwa yake tangu asili, nao uliachwa nayo bila kuipeleka mbele. Mwezi wa Juni mwaka 2018 mdhibiti wa teknolojia ya jeni wa Australia alitoa idhini mmea huo ulimwe kwa biashara. Mafuta ya namna hii hufaa kuwa vilainisho, na hufaa pia katika transfoma za umeme, ambako mafuta ya mimea yana fadhila ya kuchelewa kushika moto na ya kuoza yakimwagika ardhini.

Wenye hofu ya mimea iliyobadilishwa jeni wana haki ya kusikilizwa, nami sikubaliani na wale wanaowabeza. Chavua husafiri na magunia huchanganyika. Lakini hofu hiyo yapaswa kupimwa kwa kila mmea mbali na mwenzake, kwa sababu oleiki ya kartamu ikiangukia katika chakula ni ile ile tuilayo katika zeituni, ilhali risinoleiki ikiingia katika kanola ya kupikia ingewaharisha watu, na mzalishaji wa mbegu kama hizo angewajibika kuzitenga tangu shamba hadi bandari. Mimi ningependa mimea ya viwanda iwe ile ambayo hailiwi kabisa, na kwa sababu hiyo naona kazi iliyofanywa Brazil inastahili kuangaliwa kuliko zote kwa watu wa nchi ambayo ni asili ya mbarika.

Huko, katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya Embrapa, Francisco Aragão na wenzake hawakuihamisha jeni ya mafuta. Waliuacha mbarika ubaki kuwa mbarika, wakazinyamazisha jeni za risini katika mbegu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalieleza kwamba risini haikuonekana katika mbegu hizo, na panya waliopewa protini ya mbegu hizo hawakudhurika. Mashudu ya mbarika, ambayo wakulima hadi sasa huyatumia kuwa mbolea kwa kuchelea kuwaua mifugo wao, yana protini nyingi, na sumu ikiondoka yaweza kuwa chakula cha ng'ombe na mbuzi, hata mkulima akauza mafuta kwa kiwanda na kubaki na lishe ya zizi lake.