Kambi ya mahema shambani: Chagua chama kwa hesabu, si kwa jina

MKULIMA mwenye ekari chache kando ya Ziwa Victoria, kati ya Kisesa na Bunda, ana kitu ambacho hoteli za jijini Mwanza haziwezi kuuza: uwanja tulivu, upepo wa ziwa na kivuli cha mwembe. Watalii wanaoingia kwa magari yao kutoka Kenya kupitia Sirari, au wanaotoka Mwanza kwenda lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, huitumia barabara ya Mwanza–Musoma. Wapo wanaobeba mahema yao. Hao wanahitaji mahali salama, maji na choo safi tu.

Tatizo ni namna ya kuwapata. Bango la barabarani halitoshi, kwa kuwa mgeni hupanga safari akiwa bado kwao. Hivyo mkulima hushawishika kujiunga na chama au mtandao unaotangaza kambi ndogo. Hata hivyo, vyama havifanani, na ada hulipwa hata kama halikufika hema hata moja.

Uingereza ina uzoefu wa muda mrefu. Camping and Caravanning Club, iliyoanzishwa mwaka 1901, huwaorodheshea wanachama wake mashamba madogo ya kulala. Sheria ya huko ya mwaka 1960 inaruhusu shamba lililokubaliwa na chama cha aina hiyo kupokea misafara isiyozidi mitano bila leseni ya halmashauri. Mengi hayana hata bafu. Chama hakimlazimishi mkulima kujenga. Humletea watu wanaopenda udogo huo.

Msamaha huo si wa Tanzania. Hapa nchini, malazi ya watalii yanasimamiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, hivyo mkulima aanzie ofisi ya biashara ya halmashauri yake kabla ya kupokea mgeni. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Choo na bafu vijengwe nje ya mpaka huo.

Mfano wa karibu ni mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, na kuwekwa chini ya Bodi ya Utalii Tanzania. Katika mpango huo kijiji huuza matembezi, chakula na ngoma, na sehemu ya malipo huenda kwenye miradi ya kijiji. Kwa mkulima aliye karibu na Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, njia hiyo yaweza kufaa zaidi kuliko kuuza nafasi ya hema peke yake.

Piga hesabu kwanza

Tuchukue mfano. Mkulima anatoza Sh15,000 kwa mtu kwa usiku. Chama cha kwanza kinataka ada ya Sh300,000 kwa mwaka. Cha pili hakina ada, ila kinachukua asilimia 20, yaani Sh3,000 kwa kila mgeni. Gharama zinalingana wageni wanapofika 100 kwa mwaka. Chini ya hapo, cha pili ni nafuu. Anayeanza, ambaye hajui atapata wangapi, asikimbilie ada.

Tuseme choo, bafu na tangi vimegharimu Sh2,400,000. Akikatwa Sh3,000 za chama na kutumia Sh4,000 kwa mlinzi, usafi na maji, anabaki na Sh8,000. Atahitaji wageni 300 kurudisha fedha yake. Chama kikidai ajenge na vibanda kwa mkopo, idadi hiyo itapanda, na shamba laweza kuwa dhamana.

Kabla ya kusaini, aulize: mwaka jana mliwapelekea wanachama wenu wageni wangapi? Fedha hupokewa na nani, na hulipwa lini? Je, naruhusiwa kupokea wageni wengine? Majibu ayahakikishe kwa wanachama wawili au watatu wa zamani.

Zipo pia tahadhari za mahali penyewe. Ziwa lina kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Mgeni aelezwe wazi, na apewe maji ya bafu ili asilazimike kuoga ziwani.

Wafanyabiashara wadogo nao wana nafasi, kwani mpiga kambi hujipikia. Hununua sato, mayai, nyanya, embe na mkaa.

La mwisho ni kalenda. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba, kinachofaa mahema, ndicho pia kipindi cha kuvuna na kuuza pamba. Mwenye nguvukazi haba aanze na mahema mawili, akiacha pamba yake shambani. Mahema yasipokuja mwaka huu, pamba italipa ada ya shule.