Mbegu za mama juu ya mafiga: faraja ndogo baada ya kufiwa na mzazi



Siku za matanga nyumba hujaa watu. Wanaimba, wanaomba, wanaleta kuni, maji na maharagwe. Kisha kila mtu anarudi kwake. Ndipo aliyefiwa na baba au mama anapoanza kusikia ukimya wa nyumba.

Hapa Kasugho, na kwa ndugu zetu wa Butembo na Beni, waliofiwa wanatuambia neno linalofanana: "Niliona kitu kidogo tu, moyo ukatulia." Halafu wanauliza kwa woga: je, Mkristo anaruhusiwa kufarijika namna hiyo, ama ni kurudi kwenye mambo ya mizimu? Swali hilo linastahili jibu.

Mmoja wetu alifiwa na mama yake mwezi wa 7. Mvua za mwezi wa 9 ziliponyesha, majirani wote walikuwa shambani, lakini yeye hakuwa na nguvu hata ya kushika jembe. Siku moja, akitafuta chumvi jikoni, alikuta juu ya mafiga, penye moshi, kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kikwembe. Ndani mlikuwa na mbegu za maharagwe. Mama alikuwa amezichagua moja moja na kuziweka penye moshi ili wadudu wasizile. Alilia sana siku ile. Kesho yake alikwenda shambani. Anasema: "Sikumwona mama, wala sikusikia sauti. Nilielewa tu kwamba kabla ya kufa alikuwa amekwisha kufikiria chakula chetu."

Kwa nini kitu kidogo kinatuliza

Mtu aliyefiwa hawezi kubeba msiba wote kwa mara moja. Anaubeba kidogo kidogo. Mara nyingi kinachobaki mbele ya macho yake ni siku za mwisho: ugonjwa, kitanda, maumivu. Harufu ya sabuni ya mama, wimbo ambao baba alipenda kuanzisha kanisani, mpini wa jembe uliolainishwa na mkono wake, vitu hivyo vinamrudishia mzazi alivyokuwa mzima. Machozi yanakuja, lakini pamoja nayo inakuja shukrani.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wale ambao hawakupata kuaga. Ebola ilitangazwa katika eneo letu tarehe 1 Agosti 2018, na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo unaambukiza sana, watoto hawakuweza kuuosha wala kuugusa. Walisimama mbali, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakazika. Wengine walikimbia vita, kaburi la mzazi likabaki nyuma, kijijini wasikoweza kurudi. Kwa watu hawa, kikombe cha baba au Biblia yenye mistari aliyoichora kwa kalamu si kitu cha kuchekwa. Pengine ndiyo njia pekee ya kuaga waliyobakiwa nayo.

Maandiko yanatufundisha nini

Katika Mwanzo sura ya 24, Isaka anamwingiza Rebeka katika hema la Sara, mama yake, naye anafarijika baada ya kufiwa. Tuhesabu miaka. Sara alimzaa Isaka akiwa na miaka 90, akafa akiwa na miaka 127. Isaka alikuwa basi na miaka 37. Alioa akiwa na miaka 40. Huzuni yake ilidumu karibu miaka 3, na Biblia haimlaumu popote. Kwa hiyo tusimwambie mtu baada ya mwezi mmoja, "Basi, acha kulia."

Tena, katika Matendo sura ya 9, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hawakuwa wanaabudu nguo. Walikuwa wanashuhudia upendo wa mikono yake. Naye Petro hakuwakemea.

Mahali pa kuwa na hadhari

Lakini kuna njia inayopotea. Kukumbuka ni jambo moja, kutafuta habari kwa wafu ni jambo lingine, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inalikataza wazi. Wengi wetu tunaota ndoto za wazazi wetu. Kuota si dhambi. Usingizi wa mwenye huzuni huleta sura ya yule anayemkosa. Tumshukuru Mungu kwa kuiona sura hiyo, tusiifanye ndoto kuwa mshauri wetu.

Tunajua namna ndoto moja, au ndege aliyelia usiku juu ya nyumba, vilivyotumiwa kumshitaki shangazi au jirani mzee kwamba "amemla" marehemu. Jamaa zimevunjika. Wazee wamefukuzwa nyumbani kwao. Na kuna watu wanaoomba pesa ili waseme marehemu anataka nini. Hiyo si faraja, hata ikiitwa unabii.

Basi tujiulize: kitu hiki kinanirudisha kwa Mungu na kwa watu, ama kinanitenga nao? Kinanipa nguvu ya kupenda, ama kinanitafutia adui? Mbegu za mama zilimrudisha yule ndugu yetu shambani, kati ya majirani. Matunda yake yalionekana.

Sisi tuwe ishara hiyo

Si kila mtu atakuta kifurushi jikoni. Wapo wanaongoja ishara na hawaoni kitu. Tusiwaambie kwamba imani yao ni ndogo. Kwao, ishara inaweza kuwa sisi wenyewe.

Washemasi waandike tarehe ya kila msiba, wapitie tena nyumba ile baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka. Wakati wa kupanda, tumpelekee yatima jembe moja la ziada na mikono ya kulishika. Wakati wa minervali, tuulize nani alikuwa akimlipia mtoto huyu. Na tumtaje marehemu kwa jina. Wengi wananyamaza wakidhani wanamhurumia mfiwa, kumbe yeye ana njaa ya kusikia mtu akisema, "Mama yako aliwahi kunisaidia hivi."

Yule ndugu yetu alivuna maharagwe yale. Alikula, akagawia majirani, na kabla ya kumaliza akachagua mbegu nzuri, akazifunga, akaziweka penye moshi kwa ajili ya watoto wake.

Mungu wa faraja yote awatie nguvu wote waliofiwa, Kasugho, Butembo, Beni na popote mlipo. Amina.