Kutuliza Picha: Kazi ya Lenzi au ya Kamera?

Mkono wa binadamu, hata wa mtu mwenye afya tele aliyezuia pumzi na kubana viwiko ubavuni, hautulii kabisa. Hutikisika kidogo kidogo pasi na mwenyewe kuhisi, na mtikisiko huo ndio aghalabu uitiao picha ukungu. Kwa sababu hiyo wapiga picha wa enzi ya filamu walijiwekea kanuni kwamba mwenye lenzi ya milimita 300 asipige kwa muda uzidio 1/300 ya sekunde, na nuru ikipungua, sharti atafute stendi ya miguu mitatu.

Mwaka 1995 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 iliyobeba dawa ya maradhi hayo ndani yake: jairoskopu ndogo hupima kasi ya kugeuka kwa kamera, na papo hapo baadhi ya vioo vya ndani husukumwa kando kwa nguvu za umeme, hata miale ya nuru ikaangukia pale pale ilipokusudiwa. Minolta nayo, katika kamera yake DiMAGE A1 ya mwaka 2003, ilishika njia nyingine. Iliviacha vioo vilivyo, ikakisogeza kihisi, yaani kile kibamba kipokeacho nuru mahali pa filamu.

Njia hii ya pili ina fadhila mbili zilizo dhahiri. Kila lenzi ifungwayo kwenye kamera, hata kuukuu isiyo na umeme, hupata auni. Na kamera ikiviringika mkononi mithili ya usukani, kihisi chaweza kuviringika nayo, jambo ambalo vioo vya lenzi haviliwezi.

Je, lenzi zenye vituliza zimepitwa na wakati? Hasha, na hesabu yatosha kuwa shahidi. Mkono ukigeuka sehemu moja tu ya kumi ya digrii, taswira ya lenzi ya milimita 50 husogea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ilhali ile ya milimita 300 husogea zaidi ya nusu milimita. Na kihisi, kilichobanwa ndani ya kamera, hakina nafasi ya kuifuata kila iendako. Ndiyo maana wapigao ndege na michezo kwa mbali hawaachi kutegemea lenzi, na kamera nyingi za siku hizi huvishirikisha vituliza vyote viwili.

Ila dawa zote mbili humtibu mpigaji, si mpigwaji. Ukipiga picha ya ngoma ya harusi usiku kwa 1/15 ya sekunde, ukuta na mapambo yatatoka safi, na wachezaji watatoka wamefifia, maadamu wao hawakusimama. Basi anunuaye kamera na ajiulize kwanza apiga nini: mwenye kupiga vitu vilivyotulia, kwa lenzi fupi au kuukuu, kituliza cha kamera kitamfaa, mwenye kupiga vya mbali atafute lenzi yenye chake, na mwenye kupiga watu waendao mbio, fedha yake aiweke katika lenzi ipokeayo nuru nyingi.