Tanzania: Kwa nini boti za alumini zahitaji mkono mwangalifu

Abiria avukaye kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti ya mwendo kasi hubebwa na bamba za alumini zilizounganishwa kwa kulehemu. Boti kadhaa za Kilimanjaro, za kampuni ya Azam Marine, ziliundwa hivyo mjini Hobart, Australia. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, kwa hiyo boti hukimbia kwa mafuta machache zaidi.

Hata hivyo, mhandisi aliyezoea chuma hawezi kuchukua mchoro wake akabadilisha madini tu. Alumini ya vipimo vilevile hupinda mara tatu zaidi. Kubwa kuliko hilo ni joto la kulehemu. Alumini ya aina ya 6082, ambayo huimarishwa kwa joto kiwandani, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake pembeni mwa mshono: kanuni za Ulaya huhesabu megapaskali 125 badala ya 260 kwa pau nene. Kuunenepesha mshono hakusaidii, kwani udhaifu umo ndani ya bamba lenyewe. Mbunifu hana budi kuupeleka mshono mahali penye mzigo mdogo.

Ndiyo maana maganda ya boti huundwa zaidi kwa aina ya 5083, yenye magnesi, ambayo hupungukiwa kidogo. Nayo ina adui wake: ikikaa miaka mingi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 65, kama kando ya bomba la moshi, maji ya chumvi huweza kuitafuna kwa ndani ikapasuka. Manowari za Marekani za aina ya Ticonderoga, zenye sehemu ya juu ya alumini ya jamii hiyo, zilisumbuliwa na nyufa kwa miaka mingi.

Kwa fundi, usafi ndio kazi yenyewe. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya 2,000, hivyo sharti usuguliwe kwanza. Unyevu, ambao pwani haukosekani, huacha vitundu ndani ya mshono.

Boti ikichakaa, kuyeyusha alumini yake hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya, mradi 5083 na 6082 zisichanganywe katika tanuri moja.