Fahamu Maneno ya Mtandao Unaoulipia

Neno "mtandao" hubebeshwa mambo mengi. Mkazi wa Kiomboi au Manyoni husema "mtandao umekatika" simu inapokosa mawimbi, kifurushi kinapokwisha, au ruta ya ofisini inapozimika. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina tiba yake. Mtumiaji asiyeyatofautisha hununua kifurushi kingine ilhali kifurushi hakikuwa na kasoro, na fedha yake hupotea bure. Katika makala hii tunaeleza maneno machache ya msingi kwa kufuata njia ambayo taarifa hupita, kuanzia mkononi mwa mtumiaji hadi nje ya Mkoa wa Singida.

Ruta na waifai
Kompyuta, simu na printa zilizounganishwa katika nyumba au ofisi moja huitwa mtandao wa ndani. Ruta ni kifaa kinachopokea taarifa na kuielekeza kila moja inakopaswa kwenda. Waifai ni njia ya kuunganisha kifaa na ruta bila waya. Alama ya waifai huonyesha kwamba simu imeifikia ruta. Haithibitishi kwamba ruta nayo imeifikia intaneti.

Anwani ya IP
Hii ni namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, mfano wa namba ya sanduku la posta. Pasipo anwani hiyo, majibu ya ulichoomba hayajui pa kwenda.

Mnara
Simu isiyotumia waifai huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Umbali na vilima hudhoofisha mawimbi hayo. Aidha, uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana siku ya mnada simu yaweza kuonyesha mawimbi kamili, na bado picha ikachelewa kufunguka.

Mkongo
Mkongo ni waya wenye nyuzi za kioo zinazopitisha taarifa kwa njia ya mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, huunganisha mikoa yetu. Jijini Dar es Salaam hukutana na mikongo ya baharini, ukiwemo wa SEACOM ulioanza kazi Julai 2009, inayotuunganisha na dunia. Mkongo ukikatwa, mawimbi ya mnara yaweza kuonekana kama kawaida huku intaneti haipatikani.

Seva
Seva ni kompyuta inayohifadhi taarifa na kuzitoa kwa wanaoziomba. Tovuti moja ikigoma huku nyingine zinafunguka, yaelekea kasoro iko kwenye seva ya tovuti hiyo. Kuongeza kifurushi hakutasaidia.

Ujazo na kasi
Hapa ndipo watumiaji wengi huchanganyikiwa. Ujazo wa kifurushi hupimwa kwa megabaiti (MB) au gigabaiti (GB). Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps). Baiti 1 ni sawa na biti 8. Kwa hiyo kasi ya Mbps 10 haipakui MB 10 kwa sekunde, bali MB 1.25. Video ya MB 80 itachukua takribani sekunde 64, hata mambo yote yakienda vizuri. Muuzaji akikuahidi "mega kumi", muulize: ni za ujazo au za kasi? Na kasi hiyo ni ya uhakika, au ni ya juu kabisa inayoweza kufikiwa?

Kabla ya kulalamika
1. Angalia salio la kifurushi na muda wake wa matumizi.
2. Zima ruta kisha uiwashe. Jaribu pia kifaa kingine.
3. Fungua tovuti zaidi ya moja.
4. Waulize majirani wanaotumia mtoa huduma huyohuyo.
5. Andika tarehe, saa, mahali na tatizo lenyewe.

Tatizo likiendelea, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lalamiko lisemalo "mtandao ni mbovu" ni rahisi kupuuzwa. Lisemalo "mawimbi yapo, salio lipo, lakini hakuna tovuti inayofunguka tangu saa mbili asubuhi" humlazimu mtoa huduma kutoa majibu ya maana.