Hela ya Tabora: ipimwe kwanza au iuzwe hivyo hivyo?

Neno "hela" lilitokana na heller ya Wajerumani, na heller ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni ile ya 20 iliyogongwa Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimekata njia ya sarafu kutoka Ujerumani. Nyingi zimesuguka kwelikweli, maana watu walizitumia. Mwenye nayo huniuliza jambo lile lile: niipeleke Marekani ikapimwe?

Kampuni za NGC na PCGS huipa sarafu namba kati ya 1 na 70, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki. Tupige hesabu ya mfano, kwa sababu ada hubadilika. Tuseme sarafu yako iliyosuguka, ya namba 8 au 12, ingepata dola 15 ikiwa wazi, yaani bila kasha. Kupima dola 25. Kuandikiwa namna yake, yaani toleo lake mahususi, kwenye kasha hutozwa pembeni, tuseme dola 15. Posta na bima, kwenda na kurudi, hata ukizituma kumi pamoja, dola 10 kwa kila moja. Umetumia dola 50 kuiuza sarafu ya 15, na kasha halitaifikisha 65. Iuze hivyo hivyo.

Jibu hubadilika kwa sababu ya namna. Tabora waligonga kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano. Upande mmoja taji ni kubwa au dogo. Upande wa pili tazama L mbili za neno HELLER: ncha zote zimejikunja, au ya pili tu, au zote zimechongoka. Baadhi ya michanganyiko hiyo imejaa kila mahali, mingine wakusanyaji huitafuta miaka. Anayeusaka mchanganyiko adimu haogopi uchakavu, mradi taji na zile L zionekane. Kwa sarafu ya dola mia kadhaa, anayoinunua mtu wa mbali asiyekujua, dola 50 za cheti ni kidogo. Ila uliza kabla ya kulipa kama kampuni hiyo inaitambua namna hiyo. Isipoitambua, kasha litarudi limeandikwa heller 20 tu, na kilichoipa sarafu thamani hakitasomeka popote.

Kwa zenye thamani ya katikati, mimi hutegemea picha: mwanga wa dirishani ukitokea ubavuni, taji na L zikichukuliwa kwa karibu. Mnunuzi anayezijua ataamua mwenyewe, na haikugharimu kitu.

Tafadhali usizisugue kwa ndimu na majivu. Inaniuma kila nikiona sarafu ya bibi imeng'aa kama sufuria, kwa sababu wapimaji wakigundua imesafishwa huinyima namba, wakaandika kasoro kwenye kasha. Hiyo usiitume kabisa, labda iwe adimu mno.

Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, ya Tabora hiyo hiyo, haimo katika hesabu hii. Bandia zake zipo, na bila cheti mnunuzi makini hatakulipa bei yake.

Wiki hii nina saba mezani. Tano naziuza wazi, moja ilishasuguliwa. Ya saba ni ya shaba nyekundu, taji dogo, na hiyo nimeshaandika barua kuulizia ada.